Elmar, Jupiter-8 au Canon f/1.8: Ipi ya Kununua, na Utajuaje Umri Wake

Ukitafuta mtandaoni lenzi ya milimita 50 ya kamera za zamani za renjifainda (zile ambazo fokasi, yaani ukali wa picha, hupimwa kwenye dirisha dogo badala ya kupitia lenzi), majina matatu yatakufuata kila ukurasa: Elmar ya Leitz, watengenezaji wa Leica, kutoka Wetzlar, Ujerumani, Jupiter-8 ya Kisovieti, na Canon f/1.8 ya Kijapani, ambayo zile za mwanzo ziliitwa Serenar. Zote tatu hufungwa kwa hesi ya milimita 39. Zinaingia kwenye Leica za zamani, Canon za zamani, Zorki na FED za Kisovieti, na kwa adapta nyembamba zinaingia kwenye Leica za M na karibu kila kamera ya mirolesi ya leo, yaani ya dijiti isiyo na kioo cha ndani cha kuinuka. Basi mnunuzi anabaki na maswali mawili: achukue ipi, na hiyo anayouziwa ni ya mwaka gani kweli.

Maswali hayo hayatengani. Mwaka wa lenzi ndio unaokuelekeza pa kutazama: kama kioo kinapaswa kuwa na utando wa kuzuia mng'ao, kama namba za tundu la mwanga (zile za f; zikiwa ndogo, tundu ni pana) zilizochongwa ni za enzi yake, kama mwili ulipaswa kuwa wa nikeli, kromu au alumini. Wauzaji wengi hutaja namba ya lenzi wakaishia hapo. Lakini namba hiyo imechongwa kwenye pete ya jina, ile inayozunguka kioo cha mbele, na kwa lenzi nyingi za aina hii pete hufunguka kwa kipande cha mpira na mkono mwepesi. Namba inakupa umri wa pete. Sehemu nyingine za lenzi zitoe ushahidi wao zenyewe, na zikikubaliana na namba ndipo mazungumzo ya bei yaanze.

Hesi moja, ukoo mkubwa

Leica ya kwanza kuuzwa, kazi ya Oskar Barnack, ilionyeshwa kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925, na lenzi yake ilikuwa haitoki. Mwaka 1930 Leitz wakatoa kamera yenye lenzi ya kufungua, ila kila lenzi ililinganishwa na kamera yake kiwandani, na tarakimu tatu za mwisho za namba ya kamera zikachongwa kwenye lenzi. Mwaka 1931 kipimo kikawa kimoja kwa zote: milimita 28.8 kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye filamu. Vifaa vilivyofuata kipimo hicho vilipigwa alama ya "0". Mwaka 1932 ikaja Leica II, ambayo renjifainda yake iliunganishwa na lenzi, kiasi kwamba ukizungusha lenzi, picha mbili ndogo dirishani zinakutana. Wasovieti na Wajapani wakaichukua hesi hiyo. Leitz wenyewe walianza kuihama mwaka 1954 walipoleta M3 yenye mdomo mpya wa milimita 27.8, na hiyo tofauti ya milimita moja ndiyo unene wa adapta unayonunua leo.

Hesi ya milimita 39 peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba lenzi ni ya renjifainda. Kamera za Zenit za mwanzo nazo zilikuwa na hesi ya milimita 39, lakini kwa kuwa zina kioo cha ndani kinachoinuka, umbali wao ni milimita 45.2. Lenzi ya Zenit itaingia vizuri kwenye Leica yako, itakaza, na haitapiga picha hata moja iliyo kali. Lenzi nyingi za mashine za kukuzia picha pia zina hesi hiyohiyo. Omba picha ya mgongo wa lenzi. Ya renjifainda ina bomba laini la chuma nyuma linaloingia na kutoka unapozungusha pete ya fokasi. Hilo ndilo linalosukuma kijiti cha renjifainda ndani ya kamera. Lisipokuwepo, achana nayo. Na ukiona Jupiter-8M, hiyo ni ya kamera za Kiev, zilizofuata mdomo wa Contax ya Kijerumani; haina hesi kabisa.

FED za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia nazo ni za kuogopa kidogo. Kamera na lenzi zake zililinganishwa moja kwa moja kiwandani bila kufuata kipimo cha 28.8, kwa hiyo lenzi iliyotenganishwa na kamera yake inaweza isikubali fokasi sahihi mahali pengine popote.

Elmar: mzee mwenye daftari zuri

Elmar ya sentimita 5, f/3.5, ilibuniwa na Max Berek, na ilitengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1920 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndani mna vipande vinne vya kioo katika makundi matatu, vikiwa kwenye mrija unaosukumwa ndani ya kamera wakati hupigi picha. Katika miaka yote hiyo sura yake ilibadilika kidogo kidogo, na mabadiliko hayo ndiyo kalenda yetu.

Anza na namba, kwa sababu mtiririko wa namba za Leitz unajulikana vizuri kuliko wa kampuni nyingi. Karibu 156,000 ni 1933. Karibu 285,000 ni mwanzo wa 1936. Karibu 490,000 ni mwanzo wa 1939. Laki sita inaangukia 1945 na 1946, na milioni moja ni 1952. Elmar za kabla ya 1933 mara nyingi hazina namba kabisa. Namba zilitolewa kwa mafungu, kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja isikusumbue.

Kisha soma namba za tundu. Elmar za kabla ya vita zina mfuatano wa kale wa bara la Ulaya: 3.5, 4.5, 6.3, 9, 12.5, 18. Kuelekea 1950 zikabadilika kuwa hizi tunazozijua: 3.5, 4, 5.6, 8, 11, 16. Hii ni alama nzuri mno, maana imechongwa kwenye uso wa lenzi na inasomeka hata kwenye picha mbaya ya simu.

Chuma nacho kinasema. Nikeli ina wekundu wa mbali, kama maji ya chai hafifu. Kromu ni nyeupe na baridi. Leitz walianza kutumia kromu mwaka 1933, na nikeli ikatoweka taratibu katika miaka iliyofuata. Halafu utando. Utando wa kuzuia mng'ao ulibuniwa na Alexander Smakula wa Zeiss, kampuni nyingine ya lenzi ya Kijerumani, mwaka 1935, lakini kwenye Elmar za kawaida ulikuja baada ya vita. Weka lenzi chini ya taa ya dari, utazame taswira ya taa juu ya kioo: ikiwa nyeupe tupu, hakuna utando, ikiwa na ubluu au zambarau, upo.

Chukua mfano wa lenzi yenye namba ya 288,000 na kitu. Huo ni mwaka 1936. Itarajiwe kuwa ya kromu, au ya nikeli iliyochelewa; iandikwe "f=5cm"; iwe na mfuatano wa 4.5, 6.3, 9, na kioo kiwe kitupu. Ukikuta kioo kina ubluu lakini mengine yote yanakubaliana, haijaghushiwa. Lenzi nyingi za kabla ya vita zilipakwa utando baadaye, na kwa mpiga picha hiyo ni faida. Ila muuzaji asikuuzie kwa bei ya "kama ilivyotoka kiwandani". Ukikuta namba ya 1936 na mfuatano wa 4, 5.6, 8, hapo mbele ya lenzi na pete ya jina hazikuzaliwa pamoja.

Kuna Elmar za kama 1951 hadi 1953 zenye kipimo cha kina cha ukali kilichotiwa rangi nyekundu. Wakusanyaji huzilipia zaidi. Ni lenzi nzuri, zina utando wa kiwandani na namba za tundu za kisasa, lakini mimi ningeilipia Elmar ya 1949 yenye kioo safi kabla ya nyekundu yenye ukungu.

Sasa bandia, maana Elmar ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Mwaka 1934 huko Kharkov, komuni ya vijana iliyopewa jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky (ndiyo asili ya herufi FED) ilianza kutoa nakala za Leica II. Baada ya vita, kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk kikatoa Zorki. Miaka mingi baadaye mafundi wakachukua FED na Zorki, wakafuta maandishi, wakachonga "Leica", wakapaka dhahabu, wakaongeza alama za jeshi la Kijerumani au za Olimpiki ya Berlin, na lenzi ya Industar-22 au ya FED ikapewa jina la "Leitz Elmar". Kamera inajieleza ukiifungua lenzi: kwenye Leica halisi, kijiti cha renjifainda kinaishia na gurudumu dogo la mviringo, kwenye FED na Zorki kuna ulimi wa chuma usiozunguka.

Kwa lenzi, tazama vibati vya tundu, vile vya chuma vinavyolifungua na kulifunga. Elmar ina tundu lake mara tu baada ya kioo cha kwanza, kwa hiyo vibati vinaonekana karibu kabisa na uso. Industar-22 imefuata mchoro wa Tessar, lenzi ya Zeiss, tundu liko nyuma ya kioo cha pili, na ukiinamisha lenzi kidogo unaona vibati vimekaa ndani zaidi. Ongeza mng'ao wa zambarau kwenye "lenzi ya 1938", na herufi nene zilizojazwa rangi nyingi, na jibu unalo. Wala Industar-22 si lenzi mbaya. Inaudhi tu kulipia jina lisilo lake.

Jupiter-8: mwaka umeandikwa usoni

Asili ya Jupiter-8 ni Sonnar ya Ludwig Bertele, iliyotoka pamoja na kamera ya Contax ya Zeiss Ikon, Dresden, mwaka 1932. Sonnar ya f/2 ina vipande sita vya kioo vilivyogandishwa katika makundi matatu tu. Kumbuka kwamba wakati huo utando haukuwepo, na kila uso wa kioo unaokutana na hewa ulirudisha kama asilimia 4 ya mwanga, ambao ulizunguka ndani na kufifisha picha. Makundi matatu maana yake ni nyuso sita tu. Bertele alipata lenzi ya tundu pana yenye weusi mzito katika miaka ambayo washindani wake walikuwa wanapambana na mng'ao.

Baada ya vita, Wasovieti walichukua mitambo, michoro na kioo kutoka Ujerumani kama fidia. KMZ wakaanza kutengeneza Sonnar zao mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa alama ya ZK, na kuanzia kama 1950 jina likawa Jupiter-8. Uzalishaji uliendelea kwa miongo kadhaa, ndiyo maana zipo tele na bei yake ni ya kibinadamu.

Kuhusu umri, hakuna lenzi rahisi kuliko hii. Tarakimu mbili za kwanza za namba ni mwaka. Namba inayoanza na 58 ni ya 1958. Inayoanza na 64 ni ya 1964. Kanuni hii ni imara kwa lenzi za KMZ. Nembo ya KMZ ni prizma yenye mshale wa mwanga unaopita ndani yake, nawe itafute kabla ya kuamini tarakimu, kwa sababu si kila kiwanda cha Kisovieti kilihesabu hivyo. Kwa Industar za FED, kwa mfano, usisome mwaka kwenye namba bila ushahidi mwingine.

Alama nyingine zinaipima namba. Za miaka ya 1950 huandikwa "F=5cm"; za baadaye huandikwa "2/50". Sentimita, kwa jumla, ni alama ya uzee kwa viwanda vyote vitatu: ukiona 5cm, uko kabla au karibu na 1960. Herufi nyekundu ya П, inayomaanisha lenzi ina utando, ipo kwenye lenzi za zamani na baadaye ikaachwa. Rangi ya fedha ni ya miongo ya mwanzo, nyeusi ni ya baadaye. Jina kwa herufi za Kirusi au za Kilatini linaonyesha soko, ndani au nje ya nchi, halionyeshi mwaka. Kwa hiyo Jupiter-8 nyeusi yenye namba ya 58 imevalishwa pete ya nduguye.

Hilo hutokea mara nyingi, na hapa ndipo udhaifu wa Jupiter ulipo. Ni lenzi rahisi kufungua, na karibu kila moja imeshafunguliwa na mtu. Hesi yake ya fokasi ina mianzo kadhaa. Fundi asiye makini akiirudisha kwenye mwanzo usio wake, alama za umbali zinadanganya, au lenzi haifiki upeo wa mbali. Tazama vichwa vya skrubu kwenye picha. Vikiwa vimeparuzwa, muulize muuzaji: pete ikifika mwisho kwenye alama ya upeo, mlingoti wa mbali unaonekana mkali? Kuna ubao mwembamba wa chuma, shimu, unaokaa kati ya kioo na mwili ili kuweka umbali sawasawa, na mafundi wa nyumbani huupoteza.

Jambo la pili ni la kuzaliwa nalo. Leica ilipima lenzi zake za "50" kwa urefu halisi wa milimita 51.6, Contax, na Sonnar na Jupiter pamoja nayo, ni 52.4. Kwa mbali hakuna tatizo. Kwa karibu, mita moja au moja na nusu, tundu likiwa f/2, renjifainda ya Leica itasema fokasi imekaa nayo imepotea sentimita kadhaa. Ukifunga hadi f/5.6 kosa linafunikwa. Kwenye Zorki na FED, au kwenye mirolesi ambako unaona fokasi kwenye skrini, halipo.

Na tahadhari moja ya bei: lenzi zenye jina "Carl Zeiss Jena Sonnar" kwa hesi ya Leica. Za kweli zipo, zilitengenezwa chache wakati wa vita, na namba zake ziko chini ya milioni 3. Nyingi mno zinazouzwa ni Jupiter-8 au Jupiter-3 iliyochongwa jina upya. Usilipe bei ya Sonnar kwa picha ya pete ya mbele peke yake.

Canon f/1.8: iliyo bora, ikiwa safi

Canon walianza bila lenzi zao. Kamera yao ya Hansa Canon ya 1936 ilibeba lenzi ya Nikkor ya Nippon Kogaku, kampuni ambayo leo ni Nikon. Walipojitegemea waliziita lenzi zao Serenar, na jina hilo likadumu hadi kama 1953, ndipo zikaandikwa "Canon Lens". Kampuni yenyewe ilikuwa Seiki Kogaku hadi 1947, ilipogeuka kuwa Canon Camera Company. Kwa hiyo maandishi ya Seiki Kogaku kwenye pete yanakupeleka kabla ya hapo. Na kwa kifaa chochote cha Kijapani, ukikuta maandishi "Made in Occupied Japan", umepata dirisha jembamba sana: 1947 hivi hadi 1952, mwaka ambao ukaliaji wa kijeshi ulikwisha mwezi Aprili.

Serenar ya 50 mm f/1.8 ilitoka mwaka 1951, imebuniwa na Hiroshi Ito. Vipande sita, makundi manne, kwa mchoro uitwao Gauss, ambao vioo vyake hupangwa karibu sawa pande zote mbili za tundu. Lenzi za mchoro huo zilikuwa zinajulikana kwa ukungu mwepesi wa picha tundu likiwa wazi, na Ito aliupunguza kiasi kwamba lenzi hii inapiga f/1.8 kwa ukali ambao Elmar na Jupiter haziufikii. Nyuso nane za hewa zingekuwa mzigo mwaka 1932. Mwaka 1951 utando ulikuwa wa kawaida.

Kuitarehesha kunahitaji kusoma sura zaidi kuliko namba, kwa sababu namba za Canon hazibebi mwaka. Serenar ya kromu, nzito, ya shaba njano chini ya kromu: 1951 hadi kama 1953. Imeandikwa "Canon Lens" lakini bado ya kromu: miaka inayofuata. Nyeusi, nyepesi zaidi: nusu ya pili ya miaka ya 1950 na kuendelea. Hilo linatosha kwa mnunuzi, na mwaka kamili hauongezi kitu.

Jambo ambalo ni lazima ulijue kabla ya kutoa pesa ni ukungu wa ndani. Canon f/1.8, hasa nyeusi, ina tabia ya kupata ukungu kwenye kioo kilicho nyuma tu ya tundu la mwanga. Ukiwahiwa, fundi anausafisha. Ukiachwa miaka mingi unakula kioo chenyewe, na hapo hakuna dawa: kioo kinabaki na weupe usiofutika, na picha zinazopigwa kuelekea mwanga zinafifia. Namna ya kuuona ni hii. Funga chumba giza kidogo, fungua tundu lote, washa tochi nyuma ya lenzi kwa pembeni, si moja kwa moja, halafu tazama kutoka mbele. Kioo kizuri kinabaki cheusi na vumbi kidogo. Kioo chenye ukungu kinawaka chote kama dirisha la gari asubuhi. Muuzaji asiyetaka kupiga picha ya namna hiyo ameshakujibu.

Zikiwekwa kando kwa kando

Kwa mwanga, Canon na Jupiter ziko karibu, f/1.8 na f/2, na Elmar ya f/3.5 iko nyuma kwa hatua moja na zaidi. Ndani ya nyumba jioni, kwa filamu yenye wepesi wa ISO 400, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupiga na kutokupiga. Nje, mchana, haipo.

Kwa matumizi ya mkononi, Elmar ndiyo ndogo kuliko zote, na ikisukumwa ndani kamera inaingia mfuko wa koti. Lakini tundu lake linabadilishwa kwa kidole kidogo cha chuma kwenye uso wa mbele, kinachozunguka na lenzi, na ukifunga kichujio juu huwezi kukifikia bila kukitoa. Pia lazima uvute mrija na kuuzungusha hadi ukaze. Ukisahau, picha zote zinatoka na ukungu. Kwenye kamera ya dijiti usiisukume ndani kamwe, kwani mrija unaweza kugonga shata (pazia la kamera) au sensa. Jupiter ina pete ya tundu inayoteleza bila mibofyo, nayo huzunguka na fokasi, jambo linaloudhi mwanzoni. Canon ndiyo iliyotengenezwa kwa mkono wa mtu anayefanya kazi: pete mbili zinazojitegemea, mibofyo ya wazi, uzito unaotulia.

Vichujio: Jupiter huchukua milimita 40.5, vinapatikana kila mahali. Canon huchukua 40, na nusu hiyo ya milimita itakutafutisha. Elmar ina vya kuvalisha vya milimita 36. Zote tatu zinasogea karibu hadi mita moja tu kwa renjifainda.

Sura ya picha ni suala la moyo. Elmar inatoa picha laini kwa utofauti wa mwanga na giza lakini kali kwa mistari, na ile isiyo na utando ni nzuri kwa nyeusi na nyeupe ukiipa kofia ya kuzuia jua. Jupiter ikiwa f/2 ina katikati kali na pembe zinazolegea kwa upole; kwa sura za watu ndiyo niipendayo kuliko zote. Canon ni ya kweli na safi, haikupambii wala haikuharibii.

Kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam, kuna jambo linalopindua mizani. Hewa ya pwani yenye unyevu ni rafiki wa fangasi, na mifuko ya ngozi ya zamani, ile inayouzwa pamoja na kamera kwa sura yake, hushika unyevu na kuulisha. Toa lenzi kwenye ngozi, iweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, na uitoe itumike mara kwa mara. Canon yenye dalili ya ukungu usiichukue kabisa kwa mazingira hayo. Elmar na Jupiter zinasamehe zaidi, na fundi wa kawaida wa kamera anaweza kuzifungua.

Ipi kwa nani

Mwenye mirolesi anayetaka ladha ya zamani kwa bei ya chini anunue Jupiter-8 ya fedha ya KMZ, ya miaka ya mwisho ya 1950 au mwanzo wa 1960, yenye П nyekundu na skrubu zisizoguswa. Tatizo la 51.6 na 52.4 halimhusu.

Mwenye Leica au Canon ya filamu, anayepiga kwa f/2 ndani ya nyumba na anayeitegemea renjifainda, anahitaji Canon f/1.8, na kati yake ningeanza kutafuta Serenar ya kromu au "Canon Lens" ya kromu kabla ya nyeusi, kwa sababu ya ukungu. Akikosa iliyo safi, atazame Nikkor ya f/2 ya hesi hiyohiyo, iliyoandikwa Nikkor-H.C: H ni vipande sita, C ni utando, na herufi hiyo ya C iliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950, jambo ambalo tayari limekupa umri wake. Inasogea karibu kupita kikomo cha renjifainda, hadi kama nusu mita, faida kubwa kwa mwenye mirolesi.

Na anayetaka kushika historia yenyewe, atembee mchana na kamera ndogo mfukoni, achukue Elmar. Ningemwambia atafute ya baada ya vita, namba kati ya laki saba na milioni moja, yenye utando wa kiwandani. Ya kabla ya vita aichukue tu ikiwa namba, mfuatano wa tundu na rangi ya chuma vinasema mwaka mmoja.

Kabla ya kulipia yoyote kati ya hizi, mwombe muuzaji picha nne: pete ya mbele isomeke yote, mgongo ukionyesha bomba la renjifainda, namba za tundu na za umbali kwa karibu, na ile ya tochi. Mwenye lenzi nzuri atazituma siku hiyohiyo.